Kuandikiana si Kutuhumiana

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Sahaba zake:

Ndugu zetu Waislamu, liko suala ambalo huulizwa mara nyingi katika darsa yetu, nalo ni hili: Je, Mwislamu akipatana kazi na ndugu yake Mwislamu, kisha akamtaka waandikiane, huwa amemvunjia heshima na kumtuhumu kuwa ni mtu wa hiana? Wengi katika miji yetu huona ndivyo. Husema, "Sisi twajuana, na baba zetu walijuana, karatasi ni za watu wasioaminiana." Na mimi niandikaye maneno haya nilikuwa mmoja wao, na kosa langu ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Miaka miwili iliyopita walinijia watu wawili baada ya sala ya Magharibi. Mmoja ni mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, mtu wa makamo yangu. Wa pili ni kijana fundi wa programu za kompyuta, asiye na mwajiri, ambaye hufanya kazi nyumbani kwao kwa kila amtakaye, kama walivyo vijana wetu wengi hivi leo. Baba wa kijana huyu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa rafiki mkubwa wa yule mfanyabiashara. Walikuwa wamepatana kijana atengeneze programu ya duka kwa shilingi 180,000, nusu ilipwe mwanzo na nusu kazi ikisha. Kijana akatoa karatasi mbili alizokwisha kuziandika, akasema kwa adabu, "Ami, tafadhali zisome, kisha utie sahihi." Mzee akakunja uso, akamwambia, "Mwanangu, nimekujua tangu wabebwa mgongoni, leo wanitaka sahihi?" Hapo mimi nikajitia kati. Nikamwambia kijana azirudishe karatasi zake mfukoni, nikasema kuwa neno la Mwislamu ni mkataba tosha, nikawasomea Fatiha, tukanywa kahawa, wakaenda zao.

Haukutimia mwaka ila yale mapatano yaligeuka uadui. Mfanyabiashara aliposema "programu ya duka" alikusudia maduka yake mawili, la Mombasa na la Malindi, yawe yakionana. Na madeni ya wateja yaandikwe. Na malipo ya simu yajiingize yenyewe katika hesabu. Na kazi isisimame hata mtandao ukikatika. Kijana naye aliposikia "programu ya duka" alifahamu duka moja, bidhaa zake na risiti zake. Basi kila juma akawa aambiwa aongeze kitu kidogo tu, na kidogo juu ya kidogo kikawa kingi, mpaka kazi ya wiki sita ikawa ya miezi saba. Nusu ya pili ya malipo haikutoka, kwani mwenye duka aliona kazi haijesha. Mwisho kijana, mama yake akiwa mgonjwa na mkononi hana kitu, akaifunga ile programu kutoka mbali, katika siku za mwisho wa Ramadhani, na duka limejaa watu. Mfanyabiashara akamwita mwizi mbele za watu, na kijana akamwita mzee dhalimu. Wakawa wasali msikiti mmoja, safu moja, na salamu hawapeani.

Walipoletwa kwangu kusuluhishwa niliwauliza, "Mlipatana nini?" Kila mmoja akasema lake na akawa tayari kuliapia. Na mimi, niliyewajua wote wawili, niliona kwamba wote wawili wasema kweli. Lau mmoja angalikuwa mwongo, kazi yangu ingalikuwa nyepesi. Hapo ndipo nilipofahamu jambo ambalo nimelisoma tangu ujana wangu wala sikulizingatia: uaminifu huzuia hiana, lakini hauzuii kusahau, wala haulifanyi neno moja liwe na maana moja katika vichwa viwili. Kalamu haikuwekwa kwa ajili ya waongo peke yao. Wakweli wawili wana haja nayo vile vile.

Na turejee kwenye Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Aya iliyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, nayo yahusu kuandikiana deni la muda maalumu. Aya hiyo yaanza kwa kuwaita walioamini. Haikusema: mkikopeshana na maadui zenu, au na msiowajua. Yawasemesha Waumini katika mambo yaliyo baina yao. Kisha yataja sababu za kuandika, kwamba ni jambo la uadilifu zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu, na lenye kuuthibitisha zaidi ushahidi, na lililo karibu zaidi na kuondoa shaka. Haikutajwa kabisa kuwa sababu ni kwamba mwenzako ni mwizi. Basi mwenye kuona tuhuma katika karatasi ameona kitu ambacho Aya haikukitia humo.

Huenda mtu akasema, "Lakini aya inayofuata yaruhusu watu wakiaminiana, mwenye kuaminiwa atekeleze amana yake." Twamjibu kuwa hayo ni kweli, na kwa hujja hiyo wanavyuoni wengi wamesema kuwa kuandika ni sunna wala si wajibu, ingawa Imamu Ibn Jarir Tabari ameona kuwa ni wajibu, na Ibn Hazm vile vile. Sisi hatusemi kuwa asiyeandika ana dhambi. Lakini ni kitu kimoja kuiacha sunna kwa udhuru, na ni kitu kingine kuigeuza sunna ikawa aibu, hata mwenye kuifuata aonekane hana adabu. Hilo la pili ndilo nililolifanya mimi usiku ule. Nilimkataza kijana jambo ambalo Qur'ani imelihimiza, nikaweka mahali pake mila yetu ya kusoma Fatiha na kunywa kahawa, kama kwamba Fatiha iliteremshwa itutoshe kuziacha aya nyingine.

Imebakia kujua kitu gani cha kuandika, na hapa ndipo penye faida kwa vijana wetu na kwa wanaowapa kazi. Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina aliwakuta watu wakilipa fedha mbele kununua matunda yatakayopatikana baada ya mwaka mmoja au miwili. Hakuwakataza, bali aliwaamrisha kuwa mwenye kufanya hivyo afanye kwa kipimo kinachojulikana, na uzani unaojulikana, mpaka muda unaojulikana. Na Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu tunachokisoma sisi wafuasi wa madhehebu ya Shafi, ameshurutisha kuwa zile sifa za kitu zijulikane na wenye kupatana, na pia na watu wengine wasiokuwa wao, kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Kwa nini wengine? Kwa sababu wakigombana, hao wengine ndio watakaorejewa.

Tazameni hekima ya sharti hili! Ndiyo mizani ya kila waraka wa sifa za kazi. Ukiandika "programu iwe nzuri, nyepesi, ya kisasa", mwite mtu wa tatu umwulize kama imetimia. Hataweza kujibu, kwani nzuri ya huyu si nzuri ya yule. Lakini ukiandika "katika orodha ya bidhaa 3,000, bidhaa itafutwayo itokee kabla ya sekunde 2", au "mtandao ukikatika, risiti ziendelee kutoka, na mauzo yaende Malindi mtandao ukirudi", basi mtu yeyote mwadilifu aweza kukaa mbele ya kompyuta akaamua, ndiyo au la. Sifa isiyoweza kuamuliwa na mtu wa tatu ni tamaa, na tamaa haiuzwi.

Wazee wetu waliyajua haya bila ya kusoma. Mtu alipokwenda kwa mafundi wa Matondoni, Lamu, kuundiwa jahazi, hakusema "niundie chombo" akarudi nyumbani kulala. Walisemezana urefu wa mkuku, na aina ya mbao, na mlingoti, na nani aleta misumari, na kwamba chombo kishuke majini kabla ya msimu fulani. Naye mwenye chombo akenda mara kwa mara kutazama, kabla mbao hazijafunikana. Programu nayo ni chombo. Tofauti ni kwamba mbavu zake hazionekani kwa macho, na kwa hivyo yahitaji maneno zaidi wala si machache.

Jambo la pili ni kuijua aina ya mapatano, kwani ugomvi mwingi watoka hapo. Milango iko mitatu. Wa kwanza ni kuagizia kitu kitengenezwe kwa sifa zake, nao waitwa istisnai. Katika madhehebu yetu jambo hili huingizwa katika salamu, ambayo bei yake hulipwa yote pale pale penye mapatano. Lakini Mahanafi wameuruhusu kama mkataba wenye kujitegemea, na Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Jeddah likaupitisha mwaka 1992 kuwa wawafunga wote wawili, kwa sharti kitu na sifa zake na muda wake vielezwe, na bei yaweza kulipwa kwa mafungu. Wala si aibu kwetu kuchukua kauli ya wanavyuoni wengine penye maslaha na dalili. Mlango wa pili ni ijara, yaani kumwajiri mtu kwa siku au kwa wiki, na ujira ukajulikana. Hapo ulichokinunua ni wakati wake, na kila siku waweza kumwagiza kazi nyingine. Wa tatu ni juala, nao ni kuahidi zawadi kwa mwenye kuleta jambo fulani, kama kumwambia fundi, "Ukiiondoa kasoro hii nitakupa shilingi 5,000." Hapo kazi yaweza kuwa haijulikani ukubwa wake, na fundi hapati kitu mpaka aitimize.

Sasa tuwatazame watu wetu wawili. Mfanyabiashara aliona amenunua jahazi, kwa hivyo hatoi pesa mpaka lielee. Kijana, kwa vile alivyokuwa akiagizwa kila juma, aliona amekodiwa siku zake, na siku zimekwisha pita. Mmoja yu katika mlango wa kwanza na mwenziwe yu katika wa pili, na kila mmoja adai haki ya mlango wake. Imamu Nawawi amesema katika Minhaj kuwa mtu akimwajiri mshonaji kwa kuchanganya kazi na wakati, yaani aishone nguo hii katika mchana wa leo, ijara hiyo haisihi kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Sababu yake ni wazi: kazi yaweza kwisha kabla ya mchana, na mchana waweza kwisha kabla ya kazi, je, kipi kilichonunuliwa? Basi yeyote asemaye "nakuajiri wiki sita unimalizie programu" na ajiulize swali hilo kabla ya kuulizwa na wengine. Ama katika istisnai, ule muda ni ahadi ya kukabidhi tu, na kinachouzwa ni kile kitu chenyewe.

Huenda fundi akatwambia, "Nyinyi masheikh hamuijui kazi hii. Mteja hajui atakacho mpaka akione. Mafundi 17 walikutana Utah, Marekani, mwaka 2001, wakatoa tamko kuwa kushirikiana na mteja kwatangulia kujadiliana juu ya mkataba." Twasema: tamko hilo twalijua, na wenyewe hawakusema kuwa mkataba hauna thamani, wamesema tu kuwa kile kingine kina thamani zaidi. Nasi twakubali kuwa mja hajui yaliyo mbele. Lakini dawa ya kutokujua si kunyamaza. Yaliyo mbali yakiwa hayajulikani, patana juu ya yaliyo karibu. Igawe kazi mafungu, kila fungu na sifa zake na bei yake. Na fungu la mwanzo laweza kuwa ni kuuandika huo waraka wa sifa wenyewe, kwa ujira wake, kwani kuuandika ni kazi pia. Na mteja atakapotaka jambo jipya, liandikwe kwa mistari miwili: latakiwa nini, laongeza siku ngapi na shilingi ngapi. Lau yule kijana angaliandika mistari miwili kila alipoambiwa "kidogo tu", mzee angaliona mwenyewe vidogo vyake vimekuwa na uzito gani.

Na nani atoe imla? Aya yasema kuwa mwenye haki juu yake ndiye atakayetoa imla, amche Mola wake wala asipunguze kitu. Na akiwa dhaifu au hawezi, basi msimamizi wake atoe imla kwa uadilifu. Katika kazi hizi kila upande una haki juu yake: fundi adaiwa kazi na mteja adaiwa fedha. Basi fundi aandike atakayoyafanya, na pia aandike asiyoyafanya, kwani ugomvi hukaa katika yale yaliyonyamaziwa. Na mteja asiyejua kompyuta asikubali kutia sahihi maneno asiyoyafahamu. Na atafute mtu mwaminifu mwenye ujuzi amsomee. Naye fundi asijifiche nyuma ya maneno magumu. Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa wauzianao wakisema kweli na wakabainisha, hubarikiwa biashara yao, na wakificha na kusema uwongo, baraka hufutwa. Kubainisha kumetajwa mbali na kusema kweli, maana yake kwamba ukweli pekee hautoshi mpaka ubainishwe.

Yako mambo mengine ambayo tutayapitia kwa ufupi. Vijana wengi hunakili mikataba ya kigeni yenye sharti kuwa mteja akichelewa kulipa ataongezewa asilimia kadhaa kila mwezi. Hiyo ni riba, wala haigeuki halali kwa kuitwa faini. Baraza lile lile, katika mwaka 2000, limebainisha kuwa sharti la fidia lafaa juu ya fundi aliyechelewesha kazi bila udhuru, lakini halifai penye deni la fedha. Kinga ya fundi ni malipo ya mafungu: fungu lisipolipwa, kazi husimama.

Tena pana suala la nani mwenye milki. Kwa sheria ya Kenya ya hakimiliki ya mwaka 2001, kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa haki yake imehamia kwa mwagizaji, isipokuwa wamepatana vingine. Lakini wengi wa vijana wetu wawafanyia kazi watu wa nje, na huko hukumu si moja. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya mchongaji James Earl Reid, aliyechonga sanamu kwa kuagizwa na jumuiya moja bila ya kuandikiana juu ya hakimiliki, ikasema kuwa hakuwa mwajiriwa wao, na kwa hivyo kule kuagiza peke yake hakukuwapa milki ya haki hiyo. Mstari mmoja wa wino ungaliwaondolea miaka ya mashitaka. Vile vile iandikwe nani atakayeshika maneno ya siri ya kuingilia katika programu, na itakuwaje fundi akifa, kwani mauti hayangoji kazi ikabidhiwe.

Na wengine hudhani wakigombana watakwenda kwa Kadhi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imemwekea Kadhi mambo ya ndoa, talaka, urithi na hali ya mtu binafsi. Madai ya kazi, yakiwa hayazidi shilingi 1,000,000, huenda Mahakama ya Madai Madogo. Mapatano ya mdomo nayo husikilizwa huko, lakini hakimu atauliza kama nilivyouliza mimi, "Mlipatana nini?" Na wahenga wamesema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Ama lile la kijana kuifunga programu, nalisema bila kificho: lilikuwa kosa. Wako wanavyuoni waliomruhusu fundi kukizuia alichokitengeneza kingali mkononi mwake mpaka alipwe. Lakini kitu kikisha kabidhiwa, kurudi kwa siri kukifunga ni kama seremala aliyeweka mlango, kisha akaja usiku akaubana na mwenyewe yu ndani. Na zile kumbukumbu za mauzo zilikuwa mali ya mwenye duka, si za fundi. Tena ni jinai katika sheria ya kompyuta ya mwaka 2018. Na yule mzee naye alikosa, kwani aliifaidi kazi ya miezi saba kwa ujira wa nusu, na katika Hadithi Qudsi Mwenyezi Mungu amesema kuwa atakuwa hasimu wa mtu aliyemwajiri mtu, akapata kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Na wa tatu aliyekosa ni mimi, niliyewafungulia njia.

Nilianza kwa nafsi yangu. Nilikwenda kwa kila mmoja nyumbani kwake nikamtaka radhi. Kisha tukawachagua mafundi wawili wa nje, wakaitazama kazi yote wakaikadiria ujira wa mfano wake. Ulipita kiasi cha mapatano, lakini haukufika alichokuwa akikidai kijana. Mzee akalipa kwa mafungu mawili, na kijana akakabidhi programu na maneno yake ya siri yote. Safari hii tuliandika, na mashahidi wakatia sahihi. Leo hupeana salamu. Lakini tangu siku ile sijamwona kijana akipita dukani kukaa na kupiga gumzo kama alivyokuwa akifanya baba yake, na nachelea kuwa urafiki wa nyumba mbili uliodumu miaka thelathini umekatwa na karatasi mbili nilizozirudisha mfukoni.

Basi, ndugu yangu, kijana akikuletea karatasi usikunje uso. Amekuja kuihifadhi haki yako na yake, na kuihifadhi salamu iliyo baina yenu. Isome, uliza usichokifahamu, kisha tia sahihi, na Fatiha isomwe baada ya wino kukauka.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotimiza ahadi zao. Wabillahi tawfiq.